Ni

Juu ya duka la matairi, Wadi Kabir,
ngazi ya chuma inayounguza nyayo Julai nzima,
ndipo nilipoanguka mara ya kwanza kwa makusudi.

Mwalimu Muhenna alikuwa fundi wa viyoyozi.
Alipoza vyumba vya nusu ya mji
na chumba chetu kikabaki tanuri.
"Kuna kifaa kinatoka Dubai," alisema.
Miaka minne kilikuwa kinatoka Dubai.

Alihesabu kwa Kijapani, akagomba kwa Kiarabu,
na Kiswahili akakiweka kando kwa ajili ya maumivu:
pole mwanangu, kaza, bado kidogo.
Ichi, alisema. Ni.
Nami, na miaka yangu tisa duniani,
nikasubiri.
Ni nini, mwalimu?
Darasa lilicheka hadi matairi kule chini yakasikia.
Yeye hakucheka.
"Ni," akasema tena. "Halafu utaona."

Miezi mitatu, kuanguka tu.
Kwa ubavu, kwa mgongo, kwa bega,
kidevu kifuani kama mtu anayetazama kifungo kilichokatika,
mkono uupige mkeka kabla mkeka haujakupiga.
Bibi akauliza nyumbani:
riali sita kwa mwezi
mtoto afundishwe kuanguka?
Sisi tulianguka bure.
Alikuwa anapepeta mchele aliposema hivyo,
na sikujua bado
kwamba ameshanisimulia mwaka aliotoka Unguja, wote.

Sasa mkeka ni wangu, Khoudh, nyuma ya duka la dawa.
Kiyoyozi kinafanya kazi. Naona haya kidogo.
Wasichana kumi na mmoja.
Baba yake Rayya alisimama mlangoni, viatu mkononi:
binti yangu hainami ila kwa Mola wake.
Nikamwambia, basi aweke mkono kifuani.
Akauweka. Wiki ya pili mwenzake akauweka,
siku hizi tunauweka sote,
na sikumbuki ni lini mimi mwenyewe niliacha kuinama.

Kuna jambo sijalijaza kwenye fomu yoyote.
Ghaliya, miaka kumi na sita, alinijibu jeuri
jioni ya siku niliyopokea talaka yangu,
nami nikasema, njoo nikuonyeshe mtupo wa nyonga, polepole.
Haukuwa polepole.
Mtulinga wake ukalia kama ukuni mkavu.
Na alianguka vizuri! Hilo ndilo linaloniamsha usiku:
kidevu kifuani, mkono mkekani,
alianguka vile vile nilivyomfundisha,
na bado nilimvunja.

Nilikwenda kwa Mwalimu Muhenna nikitaka kusutwa.
Mguu wake mmoja sukari imeshauchukua,
alikuwa kitandani anafungua rimoti kwa bisibisi.
Aliuliza jambo moja tu: huyo mtoto anapenda supu gani?

Wiki sita nilipanda ghorofa tatu kule Maabela
na sufuria iliyofungwa kwa kanga,
kuku, ndimu, pilipili manga.
Mama yake alipokea bila kunitazama.
Wiki ya nne alinitazama.
Wiki ya tano akasema: chumvi haikukolea.

Ghaliya amerudi.
Ananishika kola, nahisi vidole vyake vinanipima
kama mtu anayejaribu maji ya kumwogeshea mtoto.
Namwacha aniangushe.
Hapana, nisijisifu: simwachi. Ananiangusha.
Dari, taa, uso wake umepinduka,
na mkono wangu umeshaupiga mkeka
kabla sijauomba.

Ananinyooshea wake. Ule wa upande uliovunjika.

Jumamosi ameletwa mgeni, Nuhayla, meno mawili hana,
Kiswahili cha bibi yake bado kimejaa mdomoni.
Wamepanga mstari. Nimesimama mbele yao.
Ichi, nasema.
Ni.
Wote wanasogea ila yeye.
Amenikodolea macho, kichwa upande,
anasubiri.

Nanyamaza kidogo kabla ya san.